Sharti la Jiko

Glasgow, 12 Januari 2025

Dada yangu Rukia,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haizoeleki hata ukae miaka mia. Natumaini hamjambo wote hapo Kolo, na shemeji Habibu kule shambani Haneti hajambo. Nimesikia mahindi yaliungua mwaka jana. Poleni sana. Mwamvua mwanangu naye natumaini anaendelea vizuri na masomo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu uliapa. Siku ya kumzika mama, nilipolia kwenye simu mkaiweka sauti kubwa wafiwa wakasikia, ulisema mbele yao kwamba sauti yangu haitaingia tena masikioni mwako mpaka uuone uso wangu. Huu ni mwaka wa tatu na kila nikipiga unakata. Barua haina sauti, kwa hiyo sijavunja kiapo chako. Naituma kwa sanduku la shule ya Mwamvua kama zinavyokuja barua zote za kijiji. Najua shule uliiacha darasa la pili, hivyo tafuta mtu anayetunza siri akusomee.

Dada, nimepata nyumba. Vyumba viwili, ghorofa ya kumi na moja, jina mlangoni ni langu. Tangu yule bwana na mkewe waliokuja kuchunguza michoro ya miambani waniondoe hapo Kolo nikawalelee mapacha wao, miaka kumi na mitatu, sijawahi kulala mahali nikaweza kusema kwangu. Sasa mapacha wamekua, nami nafanya kazi ya upishi kwenye nyumba ya wazee. Karatasi zangu za kuishi huku zimekamilika. Nataka mwanangu.

Humu ndani kuna karatasi ya wakili. Wewe ndiye mlezi, kwa hiyo wewe ndiye wa kutia sahihi kwamba umeridhia aje kwa mama yake. Wakili amesema ombi lazima lipelekwe kabla Mwamvua hajatimiza miaka kumi na minane, yaani kabla ya tarehe 9 Novemba mwaka huu. Ikipita siku hiyo anahesabiwa mtu mzima na hakuna tena njia. Pia atakuja mkaguzi kuangalia kama nyumba inafaa. Huku ukipewa nyumba ya halmashauri unapewa kuta tu. Jikoni pana pengo katikati ya makabati mawili ambapo jiko lingekaa, na hapo pengoni kwa sasa nimeweka ndoo.

Tia sahihi dada yangu, urudishe upesi.

Mdogo wako,
Naima


Kolo, 16 Februari 2025

Kwa Naima,

Waalaykum salaam. Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Anayeniandikia ni Mwalimu Nurdini, yule mstaafu, kwa hiyo usiwe na hofu ya siri. Amefundisha nusu ya kijiji hiki na hajawahi kumtangaza mtu.

Mvua zipo. Alizeti imeota vizuri. Mbuzi mmoja kafa. Mtoto ni mzima, ahsante kwa kumuuliza baada ya mahindi.

Umesema unataka mwanao. Nimefurahi kusikia kwamba umekumbuka. Ulipoondoka ulimwambia unakwenda Makutupora kuchuma zabibu wiki mbili, na kwamba utamletea kichala. Alikuwa na miaka minne. Alikaa barazani wiki mbili, halafu akaendelea kukaa. Sisi wengine tulikuwa na kazi, hatukumwambia aondoke.

Sasa sikiliza. Unaijua desturi ya kwetu tuliyoachiwa na bibi. Binti haanzi nyumba mpaka dada yake mkubwa amchagulie mafiga. Mimi nilichaguliwa na binamu yetu marehemu Mwanaisha. Alinitembeza korongoni tangu asubuhi hadi saa kumi akigonga mawe moja moja, maana jiwe baya hupasuka motoni na kumwaga chakula cha watoto. Wewe hukuchaguliwa na mtu, kwa kuwa wewe mimba ilitangulia nyumba. Adamu, Mungu amrehemu, alikufa kabla hata hajakuoa vizuri.

Leo unasema una nyumba. Basi mafiga yako nitachagua mimi. Niandikie majiko ya huko yakoje, kila moja na sifa zake. Nikichagua, ukalinunua, ukalisimamisha hapo penye ndoo, ndipo nitatia dole gumba. Mtoto hatoki hapa kwenda kula kwenye ndoo.

Hilo ndilo sharti. Halina lingine.

Dada yako,
Rukia


Glasgow, 9 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, shikamoo, na Ramadhani njema. Huku tunafuturu saa kumi na mbili na robo, nami nafuturu kwa chai ya birika la umeme na mkate, maana nina birika tu. Mpe Mwalimu Nurdini shikamoo yangu. Alinifundisha darasa la tano, akinichapa kwa sababu ya mwandiko. Mwandiko wake umezidi kuwa mzuri uzeeni.

Nimekubali sharti lako. Nililia kidogo, sitakuficha, lakini baadaye nikaona una haki. Dada mkubwa ni mama, na mimi mafiga yangu hayakuchaguliwa kweli.

Nimezunguka maduka matatu. Majiko ya huku husimama yenyewe sakafuni, kimo cha kiuno. Juu ni plate nne, chini ni oveni ya kuokea. Pengo langu nililipima kwa shibiri nikapata mbili na nusu. Muuza duka alinicheka mpaka akaita wenzake. Nimerudi na futi, ni sentimita hamsini na tano, kwa hiyo jiko la sitini haliingii, nitachukua la hamsini.

La kwanza, juu yake ni kioo cheusi kitupu. Ukiwasha panakuwa pekundu kwa ndani, ukizima panarudi peusi. Unafuta kwa kitambaa mara moja limetakata. Wengi huku wanalo hilo. La pili lina plate za chuma, zile nene, linachelewa kushika moto lakini likishika limeshika. La tatu ni la gesi, lina moto wenyewe kama majiko ya huko Dodoma mjini. Picha zote tatu nimezikata kwenye kitabu cha duka nikaziweka humu.

Chagua dada. Na niambie Mwamvua ana urefu gani sasa, nataka kujua kitanda.

Wako,
Naima


Kolo, 13 Aprili 2025

Kwa Naima,

Salaamu. Idi imepita salama. Tulichinja kuku wawili. Habibu alikuja kwa siku mbili akarudi Haneti. Barua yako imekaa sana njiani, au imekaa shuleni, sijui.

Picha nimeziona. Hilo la kioo ni la kuangalia sura. Utasonga vipi ugali juu ya kioo? Ukiweka nguvu kwenye mwiko linapasuka, usipoweka nguvu unampa mtoto uji mgumu. Wewe miaka yote hiyo umekuwa ukiwapikia watu wasiosonga, ndiyo maana umesahau. La chuma ni zito kama roho yako, linachelewa. Chukua lenye moto. Jiko bila moto ni meza.

Mtoto ana urefu wa kunipita mimi. Nilimwambia aongee nawe kwa simu ya Habibu alipokuja. Amesema hana la kusema.

Kuna jambo nataka uniambie. Yule Zaidi, mtoto wa Mzee Hasani, ni dereva wa watalii siku hizi. Anasema mwaka 2018 alikuona Karatu hotelini, umewavalisha kofia watoto wawili wa kizungu, unawapaka mafuta ya jua. Alikuita, ukageuka ukaingia ndani. Nilimwambia Zaidi amefananisha. Karatu hadi hapa mtu analala kwake siku hiyo hiyo. Nieleze kama amefananisha.

Rukia


Glasgow, 4 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeanza kuvuna. Huku ni majira ya machipuko, watu wamevua makoti, mimi bado nimevaa mawili.

Habari za jiko si nzuri. Nililipenda la gesi, nikaenda kulilipia, muuzaji akaniuliza naishi wapi. Nilipomwambia ghorofa ya kumi na moja alisimamisha kila kitu. Jengo zima halina bomba la gesi. Nikasema hakuna neno, nitanunua mtungi niuweke pembeni kama huko kwetu. Aliniangalia kana kwamba nimesema nitafuga simba. Mtungi kwenye ghorofa ni marufuku, ukikutwa nao unatolewa nyumbani siku hiyo hiyo. Mkaguzi akiona mtungi, ombi la Mwamvua limekufa.

Basi nimepata njia nyingine. Bibi mmoja wa pale kwenye nyumba ya wazee amefariki, na mwanawe ana jiko la mama yake, plate za chuma nne, zima kabisa, ananipa bure nilichukue tu. Ni zito, halitikisiki hata usonge na watu wawili. Nikikubali wiki hii, wiki ijayo fundi anaunga umeme, mkaguzi anaitwa, mwezi wa sita tunapeleka ombi. Naomba baraka yako, na hiyo karatasi.

Miezi sita imebaki, dada. Barua moja inakula wiki tatu. Naomba uhesabu nami.

Naima


Kolo, 15 Juni 2025

Kwa Naima,

Idi kubwa nayo imepita. Ulezi tumevuna debe kumi na moja, mtama mchache. Magoti yananisumbua.

Jiko la marehemu sitaki. Hukuogopa? Mtu amepikia hapo maisha yake yote, hujui alipika nini, nguruwe au nini, wala hujui alikufa na njaa au ameshiba. Mafiga ya mtu aliyekufa huachwa nyumbani kwake mpaka mvua iyazike. Hilo nalo umelisahau. Mrudishie mwenyewe.

Nilikuuliza habari ya Karatu. Umenijibu habari ya bomba la gesi.

Halafu nataka kujua kuhusu hao mapacha. Wanaitwa nani? Walikuwa wakikuita nani? Ulikuwa ukiwasuka? Walipougua ulilala nao au mama yao alilala nao? Siku zao za kuzaliwa ulikuwa ukiwafanyia nini? Niandikie kwa kirefu, nina muda. Kama nitakupa mtoto, nataka kujua mtoto anakwenda kulelewa na mtu wa namna gani.

Ukinieleza hayo vizuri, nunua jiko la chuma, jipya, lisilopikiwa na mtu. Hilo nitalikubali.

Rukia


Glasgow, 6 Julai 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye lifti, nikapitiliza mpaka juu kabisa. Umekubali la chuma! Siku ile ile nikaenda kulilipia. Jeupe, plate nne, oveni moja, sentimita hamsini, limeletwa Alhamisi na watu wawili wenye viatu vya plastiki juu ya viatu vyao. Fundi ameshaunga. Ndoo nimeitoa.

Karatu nilikuwepo. Zaidi hakufananisha. Ilikuwa siku nne, wale mabwana walikuja kutembea mbugani na mimi nilikuja na watoto. Nilimsikia akiniita. Ningefika Kolo ningemwona Mwamvua, na ningemwona nisingerudi, na nisingerudi leo nisingekuwa na nyumba ya kumwitia. Ndivyo nilivyojiambia. Nisamehe, sina maelezo mengine ya kukuridhisha.

Umeniuliza mapacha, nami nafurahi umeuliza, maana hakuna mtu huku ninayeweza kumsimulia. Wanaitwa Ewan na Fiona. Nimewapokea wana miezi kumi. Waliniita Nana, ndilo neno la kwanza la Fiona, kabla ya mama. Ewan alikuwa na pumu, na kila ikimbana nililala naye kifuani, nikihesabu pumzi zake mpaka alfajiri. Mama yao alikuwa na safari nyingi. Fiona nilimsuka nywele mtindo wa tatu kichwa, ingawa nywele zenyewe zinateleza. Niliwaimbia nyimbo zetu zote za Kirangi, na mpaka leo Ewan anazijua mbili. Siku ya kuzaliwa kwao ni tarehe tano Mei. Kila mwaka niliwaokea keki mbili tofauti ili wasigombane, moja ya limau na moja ya chokoleti. Mwaka huu nimewapelekea kwa treni, nimezioka jikoni kazini, nikazibeba mapajani saa nzima. Walinikumbatia wote wawili pale mlangoni, dada, wakubwa hivyo. Nililia mpaka nikaona haya. Hao watoto nawajua kuliko ninavyojijua mimi.

Unaona basi najua kulea. Huna sababu ya kumhofia Mwamvua. Naomba karatasi sasa hivi.

Naima wako


Kolo, 24 Agosti 2025

Kwa Naima,

Salaamu. Upepo huku umekausha kila kitu. Barua nimesomewa, kurasa mbili za mapacha na mistari mitano ya Karatu.

Jiko tumeliona kwenye picha. Jeupe. Lakini jiko halijulikani kwa picha ya dukani, linajulikana kwa chakula. Pika ugali wa mtama juu yake. Wa mtama, si wa mahindi, maana ule wa mahindi hata mgeni anauweza. Piga picha sufuria ikiwa juu ya plate na ugali umegeuzwa kwenye sinia, uitume. Nikiona umeiva na haujamwagika, nitatia dole.

Usiwe na haraka. Mtoto mwenyewe amesubiri miaka kumi na mitatu na hajafa.

Rukia


Glasgow, 14 Septemba 2025

Rukia,

Sikusalimii. Salamu zimeniisha.

Mtama nimeutafuta wiki nzima, nimeupata kwenye duka la Mhindi upande wa pili wa jiji, nimeusaga kwenye mashine ya kusagia kahawa. Ugali nimesonga. Picha hii hapa. Mkaguzi alikuja Jumanne, amepita chumba cha Mwamvua, ameona kitanda, amefungua oveni akaifunga, amesema nyumba inafaa. Kilichobaki ni dole gumba lako. Kidole kimoja.

Mwanzoni nilidhani unanifundisha adabu, nikasema nastahili. Sasa nimeelewa. Hutaki jiko. Ungetaka jiko ungeshamaliza. Unataka Novemba. Tumbo lako halikukupa mtoto, miaka ishirini unamwangalia Habibu akila peke yake, ukaona huyu wangu aliyeachwa barazani ni riziki imeanguka, ukamfungia ndani. Mimi niliondoka, ndiyo. Lakini mimi nilizaa. Wewe ni mgumba na mwizi, na hata ukimzuia mpaka afe, hatatoka kwako. Siku ya kiyama ataitwa kwa jina langu.

Tia dole. Fomu nyingine hii hapa kama ile umeipoteza. Mwalimu Nurdini, wewe unayemsomea, nakuomba kwa Mungu mweleze huyu mwanamke tarehe.

Naima


Glasgow, 12 Oktoba 2025

Dada Rukia,

Shikamoo. Nisamehe. Niliandika kwa hasira na nikaipeleka posta kabla haijapoa. Nimeyafuta maneno yale moyoni mwangu, nawe yafute. Wewe ndiye uliyemlisha, umemvusha mpaka kidato cha nne, na mimi sina cha kukulipa mpaka naingia kaburini.

Nimempigia shemeji Habibu. Amesema mambo ya mtoto ni yako wewe, akaishiwa chaji. Nimemwomba wakili tufanye bila karatasi, amekataa.

Wiki nne. Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka, ya kutiwa sahihi, itafika kwa siku nane. Ukitia dole siku hiyo hiyo, itie karatasi kwenye bahasha ya manjano iliyomo humu, ina anwani na imeshalipiwa, mtu aipeleke tu Kondoa mjini. Bado tutawahi. Nimepiga magoti jikoni hapa ninapoandika.

Mwambie mwanangu nampenda.

Mdogo wako, Naima


Kolo, 10 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama Mkubwa ni mzima ila magoti. Baba Habibu yuko Haneti. Mvua bado. Mtihani wa kidato cha nne unaanza juma lijalo, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi.

Mwandiko huu unaujua. Ndio wa barua zote. Mwalimu Nurdini tulimzika mwaka juzi mwezi wa saba, akiwa kipofu. Barua za shule nazichukua mimi ofisini kwa sababu mimi ni kiranja.

Jana nimetimiza miaka kumi na minane. Nilisubiri ipite ndiyo nikuandikie.

Barua yako ya kwanza nilimsomea Mama Mkubwa neno kwa neno, akichambua mbaazi uani. Alilia, akashukuru Mungu, akaniambia leta wino. Alitia dole kabla ya adhuhuri, tukaenda kwa mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Hakuuliza habari ya jiko wala sahani. Alisema, "Mtoto ana mama yake, nani mimi nimzuie." Kisha akanipa karatasi niipeleke posta. Habari ya mafiga ni ya kweli, alinisimulia zamani, akicheka. Kuifanya sharti ni mimi. Ukali wote ule ni wangu. Ukiacha kile kiapo, Mama Mkubwa hajawahi kukusema vibaya, ndiyo maana ilinichukua muda kupata maneno.

Sikuanza kwa nia ya kufika mwisho. Nilitaka tu na wewe ukae usubiri kitu, kwa mwezi mmoja au miwili, kisha ningeituma. Jiko la kioo nililipenda. Picha yake niliibandika ndani ya jalada la daftari la jiografia. Nilisema hapana ili nione kama utaandika tena, na uliandika tena, na kila bahasha ilipofika nilifurahi, sitadanganya. Mwezi wa sita nilikuwa nimeshaiweka karatasi kwenye bahasha na kuandika anwani yako. Nikasema niulize swali moja la mwisho. Nilikuuliza mapacha ili useme ilikuwa kazi tu. Ukaniandikia kurasa mbili. Limau na chokoleti. Mimi siku yangu ya kuzaliwa umeitaja mara moja, kwa ajili ya wakili. Bahasha niliifungua nikaitoa karatasi.

Barua ya Septemba sikumsomea. Aliniuliza umesemaje, nikamwambia umemsalimia sana na umesema Mungu amlipe. Alifurahi siku nzima. Hayo aliyoitwa humo nayajua mimi peke yangu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu alininunulia sweta mnadani, la kijani, kwa sababu ya baridi ya huko. Kila mwezi ameuliza majibu ya wakili, nami kila mwezi nilimwambia bado. Jana jioni ilibidi nimpe jibu. Nimemwambia umeandika kwamba nyumba imekuwa ndogo, kwamba mapacha wanakuja kukaa nawe, kwamba umeghairi. Aliingia ndani akalitoa lile sweta akalikunja upya, akalirudisha. Leo asubuhi amesema yeye hana tena mdogo.

Mimi sina mpango wa kuondoka hapa. Magoti yake ni mabaya, nani atamchotea maji.

Karatasi nimeiweka humu. Muhuri ni wa tarehe 11 Februari, unasomeka vizuri.

Simu hatapokea, unamfahamu. Kama una neno la kumwambia, andika. Nitamsomea.

Mwamvua Adamu